Mwalimu na Jenerali wa Wamarekani

Sitasema Mwalimu alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani, wala babu wa babu yake alitoka bonde gani kabla ya kuvuka bahari. Hayo ameyasema mwenyewe maisha yake yote, na kwa ajili ya hayo watu wawili ninaowapenda wamekosa kuishi pamoja. Nikianza na ukoo wake nitakuwa nimemkubalia kabla sijasema neno. Bora nianze na sinia.

Sinia lenyewe lilikuwa la shaba, limebonyea upande mmoja, na lilikaa katikati ya sabla yake hapa Ibra, Omani. Sabla ni chumba cha wanaume, cha kupokelea wageni na kuamulia mambo, kina mito ya kuegemea na mlango wake wa nje ili wageni wasipite ndani. Watu wakishakula tende, Mwalimu hakutupa kokwa. Alizikusanya, akazifuta kwa leso, akaanza vita. Kokwa kubwa walikuwa Waingereza, ndogo walikuwa Wamarekani. Askari wa Kijerumani waliokodiwa na mfalme wa Waingereza walikuwa karafuu, alizozitoa kwenye kahawa kwa ncha ya kisu. Mto aliumimina kwa kahawa hiyo hiyo, mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, na kila aliyekaa karibu alivuta kanzu yake. Jenerali alikuwa fenjani, kile kikombe kidogo cha kahawa, tupu na imefudikizwa.

Jenerali huyo ni yule aliyewaongoza Wamarekani kumshinda mfalme wa Waingereza, kisha akawa rais wao wa kwanza. Jina lake wameupa mji wao mkuu, lakini sikumsikia Mwalimu kulitaja hata siku moja. Alisema "Jenerali" tu, kama mtu anavyosema "Baba". Alimsoma Unguja, kwenye somo la Kiingereza, akiwa kijana wa skuli. Alipotoka Unguja pamoja na wengine, baada ya mapinduzi, alitoka na nguo alizovaa na Jenerali kichwani. Huku Omani walimpa kazi ya kusomesha Kiingereza skuli ya wavulana, kwa kuwa siku hizo waliokijua walikuwa wachache, na Kiingereza alichowasomesha watoto wa Ibra kilikuwa kimejaa mizinga, baruti na farasi. Wapo wanaume wazima hapa mjini ambao hawajui kuagiza chakula kwa Kiingereza lakini wanajua kusema "mlinzi, toa ishara."

Alichompendea Jenerali ni kushindwa. Watu walidhani anapenda ushindi, lakini ukimsikiliza vizuri, vita alivyoshinda Jenerali alivipitia haraka, na vile alivyoshindwa alivikalia mpaka kahawa ikapoa. Alituhadithia ngome ya mwanzo, Jenerali angali kijana na bado anawatumikia Waingereza, imejengwa bondeni pabaya, mvua inanyesha, baruti imerowa, na yeye anatia saini karatasi ya Kifaransa asiyoijua inasema nini. Kumbe imeandikwa kuwa amekiri kuua kwa hila. "Katia saini asichokisoma!" Mwalimu alisema, na kupiga goti. Kwa sababu ya ngome hiyo, alipokwenda benki kufungua hesabu ya pensheni, alimlazimisha karani amsomee kila kifungu kwa sauti, na foleni nyuma yake ikafika barabarani. Karani alimwomba radhi mwisho, sijui kwa kosa gani.

"Jenerali hakuwa hodari wa kupigana," alipenda kusema. "Alikuwa hodari wa kurudi nyuma na watu wake wakiwa hai." Maneno hayo aliyasema kwa kila jambo. Mvua ikiharibu barabara ya kwenda Sur, tunarudi nyuma na watu wetu wakiwa hai. Harusi ikikosa mchele, hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na nasema haya kwa kuwa sitaki nionekane nimemchukia. Nimemchukia, ndiyo, lakini nimekula kwake tangu meno yangu ya utoto.

Siku moja watu wa kambi ya watalii huko Mintirib, pembeni mwa jangwa, walimwita akawatafsirie mume na mke Wamarekani waliotaka kuzungumza na mabedui. Mwalimu alivaa kilemba chake cha Idi. Mabedui hawakuzungumzishwa. Mpaka jua linatua aliwasomesha wale wageni rais wao wenyewe, na alipowauliza wao wanamjuaje, mume akafikiri, akasema kuwa alikuwa na meno ya mti. Mwalimu alirudi kanuna. "Hayakuwa ya mti," alitwambia. "Yalikuwa ya pembe, na mengine ya watu." Tukamuuliza watu gani. Akasema watu tu, na akatuamrisha tulete chai.

Usidhani alikuwa na moyo mgumu. Habari ya kambi ya baridi, askari wa Jenerali wanapotembea bila viatu na kuacha damu kwenye theluji, hakuweza kuimaliza bila sauti kukatika. Theluji hatujaiona, alituambia tufikirie chumvi. Na katika buti ya gari yake aliweka ndara mpya za plastiki, mfuko mzima, za kila kipimo. Kiangazi, akiona mfanyakazi wa Kibangladeshi anavuka lami ya moto na ndara iliyokatika, alisimamisha gari popote, hata katikati ya mzunguko, magari yakimpigia honi nyuma, akashuka akampa. Hakungoja kushukuriwa. Siku nyingine nikiwa naye alimvisha mtu kwa mikono yake mwenyewe, kapiga magoti barabarani, mzee wa watu na kilemba chake.

Alikuwa pia msimamizi wa falaj, yaani mfereji unaoleta maji ya mlimani mashambani, na kazi hiyo ni ya watu kutukanana. Aliifanya vizuri. Alipomaliza muda wake mara ya pili, wakulima walimtaka aendelee, wakamfuata nyumbani na mbuzi. Akakataa. Jenerali alikuwa rais mara mbili, akasema inatosha, akarudi shambani kwake. Na kabla ya hapo, vita vilipokwisha, angeweza kujifanya mfalme, jeshi lote lilikuwa lake, na badala yake alikwenda mbele ya baraza la wawakilishi akarudisha cheo chake. Basi Mwalimu akaitisha watu sabla, akavua ufunguo wa banda la falaj shingoni, akauweka kwenye sinia mbele ya wote na kutoa hotuba. Wakulima hawakufahamu kitu, lakini wazee kadhaa walilia. Mbuzi akaliwa.

Wakati huo wote, katika hadithi zote hizo, aliyemimina kahawa alikuwa baba yangu.

Lazima nieleze, kwa kuwa mtu wa nje hawezi kuona. Kwenye kadi zetu za uraia, jina la mwisho la Mwalimu na la baba yangu ni moja. Mtu wa Maskati akizisoma anadhani sisi ni binamu. Mtu wa Ibra hana haja ya kusoma. Babu yangu alikuwa mtu wa babu yake Mwalimu huko Pemba, mtu wa kumilikiwa, kwenye shamba la mikarafuu, na watu kama sisi tulichukua jina la wenye shamba kama tulivyochukua nguo zao walizozichoka. Baba na Mwalimu walikulia ua mmoja. Walikuja huku kwa safari moja. Kwenye sabla, Mwalimu alikaa mwisho wa chumba, mkabala na mlango, na baba alikaa pale vinapovuliwa viatu, dele la kahawa mkono wa kushoto, fenjani mkono wa kulia. Hakuna aliyemwambia akae pale, na hakuna aliyemwambia asikae.

Tena Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa akihadithia jinsi baba yangu alivyomwokoa. Siku zile za mapinduzi walikuwa Unguja wote wawili, vijana, wakasimamishwa njiani na watu wenye mapanga. Mwalimu ni mweupe. Baba akamkumbatia shingoni akasema, "Huyu ndugu yangu, mama mmoja." Wakawaacha. Mwalimu akifika hapo alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, na macho yote yakamgeukia baba. "Yule pale! Aliniita ndugu!" Wageni wakasema mashallah. Baba akatabasamu kidogo, akainuka, akawajazia fenjani, kuanzia kulia, kama inavyotakiwa.

Nilikuwa naona hayo kwa pembeni ya pazia, mimi na Raya. Raya ni binti yake Mwalimu, na ni mwenzangu tangu tunacheza na mchanga. Alasiri Mwalimu alitusomesha Kiingereza sisi wawili kwenye kibaraza cha jikoni, kwa sababu aliona aibu binti yake asikijue, na mimi nikaingia humo humo. Namshukuru kwa hilo. Bila Kiingereza chake nisingekuwa nesi.

Alasiri moja alifika kwenye kifo cha Jenerali. Raya alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani.

"Alipokufa," alisema Mwalimu, "aliusia watumwa wake waachiwe huru. Wakubwa wangapi wa zama zake walifanya hivyo?"

Raya hakunyanyua kichwa. "Waachiwe lini?"

"Mkewe atakapokufa na yeye."

"Kwani Jenerali alipokuwa hai alikuwa hawezi?"

"Alikuwa na shamba. Nani angelima? Nani angepika? Mambo hayaendi hivyo, binti." Kisha akaanza kucheka, kwa kuwa mwisho wa hadithi ulimfurahisha. "Sasa yule bibi masikini akapata taabu! Nyumba nzima inajua kwamba siku atakayokufa yeye ndiyo siku yao. Huyu analeta chai, huyu analeta supu, na yeye kazi yake kuangalia mkono unaoleta. Hali, halali. Mwaka mmoja tu, kashindwa. Akawaachia watu wa mumewe wote."

"Kwa woga," akasema Raya.

"Kwa woga, kwa huruma, si wametoka?"

Raya akaendelea na mchele wake. Mimi nilicheka pamoja na Mwalimu, maana alijua kuigiza, alitoa macho kama yule bibi akitazama kikombe. Baba yangu alikuwa uani anakata kuni.

Kaka yangu Khamis alikuwa mwanafunzi wake bora. Hilo Mwalimu alilisema mbele ya watu, na kwenye sinia, kati ya wavulana wote, Khamis peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuigusa ile fenjani. Wengine walisogeza kokwa. Khamis alimvusha Jenerali mto wa kahawa, usiku wa barafu, akawakuta karafuu wamelala, na Mwalimu alimtazama kwa upendo ambao sikuuona akimpa hata mwanawe wa kumzaa. Alimwandikia barua ya kumwombea masomo. Alimpeleka mwenyewe kwa gari alipopata kazi kwenye kiwanda cha gesi Sur, na mkoba wake akaubeba yeye.

Kwa hiyo Khamis alipotaka kumposa Raya, na Raya anamtaka, hata sisi tuliokuwa na akili tuliona huenda ikawa. Tulijisahaulisha. Huku kuna neno linaitwa kafaa, yaani mume na mke walingane kwa nasaba, na kwa neno hilo mtu anaweza kuwa na digrii, na nyumba, na dini yake imenyooka, na bado asiwe kitu. Lakini tulisema: Mwalimu si kama wale. Mwalimu ana Jenerali.

Baba akaenda kuposa. Alivaa kanzu mpya, na kwa mara ya kwanza hakukaa penye viatu. Alikaa katikati. Mimi na Raya tulikuwa nyuma ya pazia letu, wanawake wazima sasa, tumeshikana mikono mpaka vidole vinauma.

Nieleze na desturi. Mwenye haja kubwa akija kwa mtu, akamiminiwa kahawa, haigusi. Anaiweka mbele yake. Mwenye nyumba akiona fenjani haijaguswa anafahamu, na akikubali anamwambia kunywa, haja yako imepita. Asipokubali, fenjani inabaki imejaa, na aibu inamwangukia mwenye nyumba, kwa kuwa mgeni katoka kwake bila kunywa. Kwa hiyo mtu hukataa kwa shida sana mbele ya fenjani iliyojaa. Baba alikuwa amemimina kahawa ya posa nyingi kwenye chumba kile. Alizijua zote, za waliokunywa na za walioacha.

Mwalimu aliinuka. Akatoka kule mwisho wa chumba, akaja akachukua dele mwenyewe. Akainama, akammiminia baba yangu kahawa kwa mkono wake.

Haijawahi kutokea. Nilimwona baba anatazama ile fenjani, uso wake umefunguka kama wa mtoto. Akadhani ndiyo jibu. Mtu amemiminia wenzake maisha yake yote, siku moja anamiminiwa na mwenye chumba, atadhani nini? Akainywa. Aliinywa yote, na akairudisha fenjani kwa mikono miwili.

"Alhamdulillah," akasema Mwalimu, akakaa. Halafu akasema, "Ndugu yangu. Weye ni ndugu yangu, hilo Mungu analijua. Khamis ni mwanangu. Lakini hili si langu peke yangu. Jambo kama hili lina baraza lake, na baraza la ukoo halitaki. Hata Jenerali hakwenda kinyume na baraza."

Baba hakuwa na cha kushika tena. Fenjani ilikuwa tupu.

Mwalimu hakuwahi kuliuliza baraza la ukoo kitu chochote tangu nimjue. Alinunua ardhi bila kuliuliza, akamsomesha binti bila kuliuliza, akapaka nyumba rangi ya kijani wakalalamika akacheka. Siku ile ndiyo akawa mtiifu. Sijui kama alimimina kahawa kwa hila au kwa mapenzi. Nimeliuliza nafsini mwangu miaka yote, na nadhani alikuwa anampenda kweli baba yangu na alitaka kumheshimu kabla ya kumkata, na hakuona ubaya wa kufanya yote mawili. Jumamosi iliyofuata baba alirudi sabla akakaa penye viatu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Raya angeweza kwenda kwa kadhi. Sheria inaruhusu, walii, yaani msimamizi wa ndoa yake, akimzuia binti bila ya haki, kadhi anaweza kumuozesha. Nilimwambia. Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni. "Nimpandishe baba'angu mahakamani? Aulizwe maswali na kijana aliyemsomesha yeye?" Hakwenda. Lakini Mwalimu alipomletea wachumba wa damu inayotakiwa, mmoja kutoka Nizwa, mwengine mtu wa hapa hapa, aliwakataa wote wawili. "Na mimi najua kurudi nyuma, Baba," alimwambia. Mwalimu hakumlazimisha. Kwa hilo pia alijisifu.

Khamis alioa Sur, mwanamke mzuri, tukampenda. Raya alisomesha watoto wa watu mpaka akastaafu. Baba yangu alipokufa, Mwalimu alishuka kaburini na magoti yake mabovu, akampokea, akamlaza kwa mikono yake mwenyewe, na alipotolewa juu alikuwa analia kwa sauti, "Ndugu yangu, ndugu yangu," mpaka vijana wakamshika. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana nasema mtu huyu amenichosha.

Sasa ni mzee wa kitandani. Sukari imemla mguu, na kitanda chake kimewekwa sabla kwa kuwa ndicho chumba kisichokuwa na ngazi. Sinia limesimamishwa ukutani. Mimi naenda alasiri kumsafisha kidonda, Raya anafanya mengine yote: kumwosha, kumgeuza, kumlisha kwa kijiko. Mikono ya Mwalimu haitulii tena.

Mke wa Khamis alifariki. Muda ulipopita, Khamis alinipigia simu. Watoto wake wakubwa, nyumba yake ya Ayjah, huko Sur, tupu. "Kamuulize tena," alisema. "Baba hayupo. Nenda wewe."

Mwanamke haendi kuposa. Nilikwenda. Nilimsafisha kidonda kwanza, nikafunga bendeji, nikanawa. Raya akaniletea kahawa kama siku zote na akarudi jikoni. Niliichukua fenjani, nikaiweka chini mbele ya kitanda chake, palepale anapoweza kuiona.

Aliiona. Macho yake bado makali.

"Hunywi?"

"Nina haja, Mwalimu."

Aliitazama fenjani, nikasikia Raya anagonga mwiko kwenye sufuria. Kisha akasema, "Kunywa."

Mkono wangu ulikwishafika kwenye fenjani. Nikamkumbuka baba, nikaurudisha. "Sema kwanza."

Alitabasamu, kama zamani nilipompatia jibu zuri kibarazani. "Baba'ko alikuwa na haraka," alisema.

Wallahi nilitaka kuinuka niondoke, kidonda chake akisafishe mwenyewe. Nilibaki kwa ajili ya wale wawili.

"Najua umetumwa na nani," alisema. "Nishausia. Nimemwita mwanangu, ndugu yake Raya, kutoka Maskati, nimemwambia mbele ya mashahidi. Siku nikishakufa, Raya akimtaka Khamis, asizuiwe. Nimemwambia: wewe ndo utakuwa walii wake, na mimi nishakuruhusu." Alipumua. Alikuwa amefurahi, uso umemng'aa. "Watu watasema. Nami sitakuwepo kusikia. Unamkumbuka Jenerali?"

"Namkumbuka."

"Basi. Kunywa kahawa yako."

Sikunywa. Raya alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la supu. Sijui alifika lini, lakini uso wake ulinionyesha kuwa amesikia yote. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtandikia kitambaa kifuani, akakoroga, akachota kijiko, akapuliza, akampelekea.

Mwalimu akafungua mdomo. Halafu macho yake yakashuka, kutoka usoni mwa binti yake mpaka kwenye mkono ulioshika kijiko, yakabaki hapo. Mdomo ukafungika. Nimeona wagonjwa wengi wakikataa chakula, wa kichefuchefu, wa hasira, wa kukata tamaa. Huyu hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa amefika mwisho wa hadithi yake mwenyewe.

"Umetia nini?" akauliza.

"Ndimu kidogo, Baba. Na pilipili manga."

Akangoja. Raya naye akangoja, kijiko hewani. Kisha akakirudisha kijiko, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akameza. Akachota kingine. "Haya," akasema. Mwalimu akala.

Sikuweza kunyamaza. "Mwalimu, yule bibi aliwaachia."

Alitafuna polepole, ingawa supu haina cha kutafuna. "Yule aliogopa," akasema. "Mimi siogopi." Na akafunga mdomo, akangoja Raya aonje kijiko cha pili.

Niliondoka na kuiacha fenjani sakafuni, imejaa. Aibu hiyo imwangukie, kama ipo ya kumwangukia. Garini nilimpigia Khamis kabla hata sijawasha injini.

"Kasemaje?"

Nikamwambia: kakubali, akishakufa yeye. Nikamwambia na vijiko. Kwa upande wake nilisikia upepo na mtu anasogeza kiti. Khamis ni mtu mzima sasa, ana mvi, ana shinikizo la damu kama mimi, na amelelewa na baba yetu.

"Mungu ampe umri mrefu," akasema.

Ndilo neno linalosemwa anapotajwa mzee mgonjwa, na anayelisikia huitika amin. Nilifungua mdomo haikutoka. Nilikaa na simu sikioni, mkabala na mlango wa sabla, mpaka Khamis akaiitikia mwenyewe.